SIRI YA NYUMBA NA MCHEZO WA UWANJANI

Liko neno tulilolizoea hata hatuliulizi tena: ya nyumbani hayatolewi nje. Wazee walilisema kwa hekima, maana nyumba isiyo na siri si nyumba, ni njia panda. Mume na mke hukoseana, hununiana, kisha hupatana; na kama kila neno lao lingepelekwa kisimani na kilabuni, wasingepata nafasi ya kupatana hata siku moja.

Lakini katika nchi yetu na nchi za jirani wako watu ambao huyatoa hayo ya nyumbani, tena uwanjani, mchana kweupe, mbele ya wazee na vijana. Hucheza mchezo wa kuigiza. Mmoja huwa mume ampigaye mkewe, mwingine huwa binti aliyeharibiwa na mtu wa umri wa baba yake, mwingine huwa mzazi amwozaye mtoto angali shuleni. Mchezo ukiisha, huwageukia watazamaji na kuwauliza: Ninyi mwaonaje? Basi nataka tulifikiri jambo hili pamoja, sisi watu wa Songea. Je, wachezaji hao waivunja siri ya nyumba, au watenda haki?

Tuanze na siri yenyewe. Naona kwamba twayaita kwa jina moja mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni siri, la pili ni maficho. Siri ni kama zizi la ng'ombe: limejengwa kuwalinda wote waliomo ndani. Maficho ni kama pango la chui: humlinda mmoja tu, naye ndiye alaye. Umaskini wa nyumba, ugonjwa wa mume, kukosa mtoto, ugomvi wa maneno, hizo ni siri, na mtu mwenye adabu hazitangazi. Lakini mwanamke akipigwa usiku hata asiweze kuinua jembe asubuhi, na majirani wakaambiwa kwamba ameteleza kisimani, hiyo si siri tena, ni maficho. Tena kipimo cha kuyatenga mambo hayo mawili si kigumu. Mwulize aliye mnyonge kuliko wote katika nyumba ile kama naye ataka mlango ufungwe. Akisema ndiyo kwa hiari yake, ni siri. Akisema ndiyo huku akitetemeka, ni maficho.

Mtu atanijibu kwa methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii ni nzuri, wala siikatai. Lakini itazameni vema. Yasema juu ya wagombanao, yaani watu wawili ambao kila mmoja aweza kujibu, na kila mmoja aweza kuondoka. Haisemi juu ya apigaye na apigwaye. Mtoto wa miaka 12 aliyeshikwa na mtu mzima hagombani naye. Basi jirani asikiaye kilio usiku, akajifunika blanketi lake na kuitaja methali hiyo moyoni, hakuitii hekima ya wazee; ameifanya kuwa pamba ya masikio.

Mwingine atasema: Sheria ipo na serikali ipo, michezo ya nini? Ni kweli, sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kumpiga, hata ikiwa desturi yasema vingine. Mwaka 1998 ikaja sheria nyingine yenye adhabu kali kwa wanaowanajisi wanawake na watoto. Lakini hesabu iliyofanywa na serikali katika nchi nzima mwaka 2015 na 2016 ilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 40 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Watu wakaulizwa pia kama ni halali mume kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula, au kutoka bila kuaga. Katika wanaume 100, wanaume 40 walisema ni halali kwa sababu moja au zaidi. Na wanawake je? Katika wanawake 100, walisema hivyo 58.

Wasomaji, isomeni tena hesabu hiyo. Wanaopigwa waliikubali fimbo kuliko wanaoishika. Wakati ule Sheria ya Ndoa ilikuwa na umri wa miaka 44, lakini ilikuwa bado imesimama nje ya mlango. Askari aweza kumkamata mtu, lakini hawezi kulikamata wazo. Jambo ambalo kijiji kizima hulihesabu kuwa mafundisho ya ndoa halipelekwi kwa askari, na likipelekwa hakosekani mzee wa kulirudisha nyumbani. Tena tusiseme kwamba wazo halibadiliki. Hesabu kama hiyo ilipofanywa tena mwaka 2022, wanawake waliosema wamepigwa walikuwa 27 katika 100. Wengi bado, lakini si 40. Kumbe desturi si jiwe.

Basi likiwa jambo lenyewe laishi katika mawazo ya watu wengi, si katika mkono wa mmoja tu, dawa yake sharti iwafikie wengi pamoja. Hapo ndipo mchezo wa kuigiza unapofaa kuliko hotuba. Mwenye kuhutubu hunyosha kidole, na msikilizaji hujikinga. Husema moyoni: Huyu ananisema mimi, au husema: Hanisemi mimi, amsema fulani. Vyote viwili humfunga masikio. Lakini mtu atazamapo mchezo hana la kujikinga, maana hakuna aliyemtaja. Huhukumu kwanza, kisha hutambua amehukumu nini.

Sisi wasomaji wa Maandiko twajua jinsi nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi, ambaye alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe vitani. Nabii hakuanza na lawama. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu. Mfalme akawaka hasira, akatoa hukumu kali, asijue bado kwamba amejihukumu mwenyewe. Kama Nathani angelitaja kosa tangu mwanzo, huenda mfalme angetafuta udhuru, maana wafalme hawakosi udhuru. Hadithi ilikwenda kwa njia ya nyuma, ikafika moyoni kabla mlinzi wa mlango hajaamka.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Nani katika Songea hajaona watani msibani? Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na ubahili wake, na wenye msiba hucheka katikati ya machozi. Mtani aweza kusema yale ambayo ndugu wa tumbo moja hathubutu kuyasema, wala hakasirikiwi, kwa sababu wote wajua kwamba ni mchezo, na wote wajua kwamba ni kweli. Jioni bibi zetu walitusimulia ngano za sungura na fisi, nasi tulijua kabisa fisi ni nani katika kijiji. Na katika ngoma, katika lizombe ya Wangoni, na mganda na kioda za watu wa Ziwa Nyasa, watunzi hawakuimba mapenzi tu. Waliimba pia habari za watu na makosa yao. Basi anayesema kwamba mchezo wa uwanjani ni jambo la mjini amesahau alikolelewa.

Hata wataalamu wa mjini walipotaka kuifanya kazi hii, walilazimika kurudi kijijini kuipata. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza. Miongoni mwao walikuwa Penina Muhando, ambaye hujulikana pia kwa jina la Mlama, na Amandina Lihamba. Njia yao ilikuwa kuwauliza kwanza wenyeji shida zao, kisha wenyeji wenyewe wakazicheza kwa ngoma na michezo yao, na mchezo ukafuatwa na mazungumzo. Halafu mwaka 1996 kazi hiyo ikaingia katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme. Hapo wasichana wenyewe huchunguza mambo yawazuiayo katika masomo, pamoja na udhia wa wanaume, huyatungia mchezo, na kuuonyesha mbele ya wanafunzi wenzao na walimu wao. Baadaye chama cha wanawake waelimishaji wa Afrika, FAWE, chenye makao yake Nairobi, kikaieneza Tuseme katika nchi nyingine. Angalieni jina hilo. Halikuwa Tuwasemee, bali Tuseme. Maana haja ilikuwapo kweli: uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 wa miaka 13 hadi 24 walikuwa wameguswa au kulazimishwa katika mambo ya mwili bila ridhaa yao kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa namna hii hunyamaza, kwa sababu hakuna mahali ambapo kusema kwao si aibu.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme kikundi cha kijiji kimoja cha Songea chataka kutunga mchezo. Wana habari gani? Wana mahindi. Mke amelima, amepalilia, amevuna, amepukuchua. Gari la mnunuzi limekuja, mume amepokea fedha, na siku ya tatu amerudi amelewa. Mke auliza: Fedha za ada ya mtoto ziko wapi? Anapigwa. Mchezo ukiishia hapo, watazamaji watasema: Mlevi huyo! Kisha watakwenda zao. Lakini mchezo mzuri hauishii hapo. Wamfuata yule mke akimbiliapo. Amwendea mama mkwe, naye amwambia: Mwanangu, hata mimi nilipigwa, nikavumilia. Amwendea baba yake mzazi, naye atazama chini na kusema: Rudi kwa mumeo, ng'ombe zake tumekwisha kuzila. Amwendea mwenyekiti, naye asema: Njoni kesho wote wawili mpatane. Amwendea jirani, naye amechukua jembe, amekwenda kulima. Hata mwisho yule mke arudi mlango ule ule.

Hapo kila mtu uwanjani amejiona. Mume aliyepiga ni mmoja, lakini waliofunga milango ni wanne. Na hilo, wasomaji, ndilo jambo ambalo mchezo waweza kulionyesha kuliko kitabu cha sheria. Sheria humtafuta mkosaji mmoja. Mchezo huonyesha kwamba fimbo ile ina wachukuzi wengi, na baadhi yao ni watu wema wanaosali.

Mwaka 1973, katika nchi ya Peru, mtunzi wa michezo aitwaye Augusto Boal, mtu wa Brazil, alikuwa akifanya kazi ya namna hii pamoja na watu maskini waliokuwa wakijifunza kusoma. Walicheza habari za mke aliyegundua kwamba mumewe amemdanganya. Karatasi alizopewa kuziweka, akidhani ni hati za mali, zilikuwa barua za mwanamke mwingine. Watazamaji wakaulizwa amfanye nini mumewe arudipo. Mama mmoja akasema azungumze naye waziwazi. Wachezaji wakacheza hivyo, yule mama akasema: Sivyo. Wakarudia, akakataa tena. Mwisho Boal akamwita apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akamkamata aliyecheza mume, akampiga kweli kweli kwa ufagio. Kumbe huko ndiko kuzungumza waziwazi alikokutaka.

Watu huicheka habari hii, nami naona ina mafundisho mawili. La kwanza, mchezaji hajui yaliyomo moyoni mwa mtazamaji mpaka amwache aseme na kutenda mwenyewe. Kwa hiyo mchezo usiompa mtazamaji nafasi ni nusu ya mchezo. La pili, hasira iliyotoka si haki iliyopatikana. Fimbo ikihama kutoka mkono wa mume kwenda mkono wa mke, fimbo ni ile ile. Kazi ya uwanja si kulipiza, ni kutafuta njia ambayo jana haikuonekana.

Nami sitaki kuusifu mchezo bila kuutolea onyo, maana kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kuumiza pia. Kijiji ni kidogo. Mkicheza habari za binti mwenye sare ya shule, aliyepewa lifti na mwenye pikipiki, na katika kijiji hicho yupo binti mmoja tu aliyepatwa na jambo hilo, hamkuficha jina, mmelitangaza. Usiku ule huenda akapigwa na baba yake kwa aibu mliyomletea. Hapo ninyi ndio mlioivunja siri ya nyumba, na lawama ya wazee ni ya haki juu yenu. Kwa hiyo yapasa mchezo uchanganye habari za wengi, ubadilishe mahali na kazi na umri, hata mtu asiweze kusema: Huyu ni fulani. Na aliyedhulumiwa asishurutishwe kuigiza dhuluma yake mwenyewe. Machozi yake si mali ya kikundi.

Tena iko hatari ya kicheko. Twajua jinsi watu wanavyocheka mwanamume akivaa kitenge, akaanguka na kupiga kelele kwa sauti nyembamba. Kicheko cha mtani huufungua moyo, lakini kicheko cha namna hii huufunga, maana humfanya apigwaye kuwa kichekesho. Mchezaji mwenye akili haonyeshi sana kofi lenyewe. Huonyesha asubuhi yake: mtoto aliye kimya, uji usionyweka, mama afungaye kitambaa usoni kabla ya kwenda kisimani. Hapo uwanja hunyamaza.

Iko na hatari ya mwisho mtamu. Mume akitubu kwa dakika mbili, watu wakala pilau na kucheza ngoma, watazamaji wataondoka wamefarijika bure. Afadhali mchezo usimame njiani, na swali liachwe uwanjani: Akitoka hapa, aende wapi? Na swali hilo sharti liwe na jibu la kweli. Kabla ya siku ya mchezo, kikundi kijue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko wapi, afisa wa ustawi wa jamii ni nani, na kwamba mtoto aweza kupiga simu ya namba 116 bila malipo. Wasichana nao wapewe nafasi ya kusema peke yao na mama wanayemwamini, maana yako mambo yasiyosemeka mbele ya wajomba. Kumwamsha mtu na kumwacha gizani si wema.

Mwisho, mtu atauliza kama kazi hii ina matunda. Huko Kampala, Uganda, shirika la Raising Voices lilianzisha kazi iitwayo SASA!, ambamo majirani wa kawaida huigiza, huzungumza na kutembeleana. Ilipimwa kati ya mwaka 2008 na 2012 katika mitaa 8. Katika mitaa 4 ilifanywa, na mitaa 4 mingine ikangoja. Mwishoni, wanawake waliosema wamepigwa na wenzao katika mwaka uliopita walikuwa karibu nusu tu ya wale wa mitaa iliyongoja. Watafiti hawakudai kwamba hesabu hiyo haina shaka, kwa kuwa mitaa ilikuwa michache. Lakini angalieni kazi ilivyofanywa. Haikuwa mchezo wa siku moja, wa wageni wanaokuja na gari na vipaza sauti, kisha wakarudi walikotoka. Ilikuwa kazi ya miaka, ya watu wanaokutana kisimani na sokoni kila siku. Mchezaji ambaye ni jirani yako hukutazama tena kesho, nawe humtazama. Na yeye akimpiga mkewe nyumbani, kijiji kizima kitajua kwamba amedanganya.

Basi nalirudia swali tuliloanza nalo. Mchezo wa uwanjani, ukichezwa kwa heshima, hauivunji siri ya nyumba. Waacha zizi likiwa zima, na kulimulika pango. Hauombi jina la mtu wala hauchungulii dirishani. Wafanya jambo moja tu, ambalo hotuba na sheria peke yake havikuliweza: watuketisha wote mahali pamoja, mume na mke, mkwe na mwenyekiti, tukasikia kilio kile kile saa ile ile, tukatazamana. Kabla ya hapo kila mmoja aliweza kusema: Sikusikia. Baada ya hapo hawezi, maana jirani yake amemwona akisikia.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa vijana na walimu wenzangu: mkiutunga mchezo wa namna hii baada ya mavuno, wakati watu wana nafasi na fedha zimeanza kuleta maneno nyumbani, msianze kwa kumwuliza aliyepiga kwa nini alipiga. Ana majibu mengi. Waulizeni kwanza wale waliosikia.